Sarwatt hayumo kwenye gemu: makundi ya siasa ya kwenye kompyuta na makundi yetu ya Hanang

Hii ni mada niliyoitoa kwa vijana wa kata ya Endasak. Nimeiandika kama nilivyoisema, nimepunguza tu marudio.

Makamanda, habari za mchana. Wazee wetu mliokuja kukaa nasi, shikamooni. Mama zangu wa pale nyuma, shikamooni, na asanteni kwa uji.

Nimepewa mada ya vijana na siasa za makundi. Najua wengi mmekuja mkitegemea niwataje watu, nani yuko kambi ya nani. Sitawataja. Nitaanza na gemu la kompyuta, halafu tutakwenda Zanzibar, halafu tutarudi hapahapa Mbulu na Hanang. Anayeona gemu ni mambo ya watoto anivumilie dakika kumi.

Gemu lenyewe linaitwa Victoria 3. Limetengenezwa na kampuni ya Paradox ya Stockholm, Sweden, likatoka Oktoba 2022. Nililijua chuoni kwa rafiki yangu mwenye kompyuta nzuri, tukawa tunapokezana mpaka usiku wa manane. Unachagua nchi, unaanza mwaka 1836, unamalizia 1936. Humwendeshi askari mmoja mmoja na bunduki yake. Unaendesha nchi nzima: kodi, shule, reli, viwanda, sheria.

Kilichonifanya nikose usingizi ni namna linavyopanga siasa. Kila mwananchi anahesabiwa. Linajua kazi yake, dini yake, kabila lake, kipato chake na kama anajua kusoma. Kutokana na hayo linamgawa kwenye makundi ya maslahi, na makundi yako manane: wenye ardhi, wenye viwanda, majeshi, watu wa dini, wasomi, wafanyabiashara wadogo pamoja na makarani, wanavijiji, na vyama vya wafanyakazi. Kila kundi lina uzito wake. Uzito unatokana na idadi ya watu, mali zao, na kura kama nchi inapiga kura. Kundi lenye uzito chini ya asilimia 5 linawekwa pembeni, halisikilizwi kabisa. Likifika asilimia 20 linahesabiwa kuwa kundi lenye nguvu, na likikasirika nchi inayumba.

Sasa wewe kiongozi unataka kubadili sheria, labda kufuta kazi za kulazimishwa au kuleta shule za umma. Huwezi kuamka asubuhi ukaandika tu. Lazima kuwe na kundi linaloitaka sheria hiyo, na mara nyingi kundi hilo uliingize serikalini. Ukiliingiza, lingine linanuna. Ukichanganya makundi yasiyopatana, uhalali wa serikali unashuka na sheria inakwama miaka. Ukilazimisha, kuna watu wanachukua silaha.

Hapo nawapigia makofi. Magemu mengi ya siasa yanamfanya rais kama Mungu, akibonyeza kitu kinatokea. Hili linakwambia kila mwenye cheo amekalia mabega ya watu fulani, na ukitaka kumwelewa, angalia anakalia mabega ya nani. Sisi huku tumezoea kuuliza "huyu ni mtu wa nani?" tukimaanisha ni mtu wa mheshimiwa gani. Gemu linauliza swali lilelile likimaanisha wakulima gani, makarani gani, wenye maduka gani.

Nikaanza kulipima kwa historia yetu. Gemu linaishia 1936, TANU imezaliwa Julai 1954, kwa hiyo kwa tarehe havikutani. Mimi nilipima injini, sio tarehe. Je, injini hii ukiiwekea Tanganyika na Zanzibar za miaka ya 1950 ingetoa kilichotokea kweli?

Kabla ya hapo nina lalamiko moja la ramani. Ukilifungua gemu mwaka 1836, Zanzibar utaiona, iko chini ya Oman, na Oman unaweza kuicheza. Lakini ukiingia bara, sehemu kubwa imewekwa kama nchi zisizo na mamlaka ya kati. Hizo huwezi kuzichagua. Zipo pale zikisubiri kutawaliwa. Mirambo aliyejenga dola yake Unyamwezi hadi alipofariki 1884, Mkwawa aliyewapiga Wajerumani pale Lugalo Agosti 1891, hawa kwenye gemu ni upepo tu unaomsumbua mkoloni. Na huku kwetu ndiyo kabisa. Wairaqw hawakuwa na mfalme. Wabarabaig hawakuwa na mfalme. Kwa injini ile, hakuna siasa hapo.

Wazee hapa mnajua kwamba siyo kweli. Wabarabaig wana getabaraku, mkutano wa watu wazima chini ya mti, ambapo jambo la malisho au la visima linazungumzwa mpaka liishe. Wana na girgwageda gademga, baraza la wanawake, ambalo mwanamume akimkosea mama, wanawake wanakaa wenyewe, wanamhukumu, na faini anatoa. Nitajieni nchi ngapi za Ulaya mwaka 1836 zilikuwa na chombo cha wanawake chenye uwezo wa kumtoza mwanamume faini. Mimi siijui hata moja. Lakini kwenye gemu Ulaya ina makundi manane na Hanang ina sifuri.

Haya, tuingie kwenye makundi yenyewe.

Tanganyika, mwaka 1956. Gavana Twining anaona TANU inakua, anaunga mkono chama kingine, UTP. Ndani yake walikuwa wenye mashamba, wafanyabiashara, baadhi ya machifu. Kwa lugha ya gemu, kakusanya wenye ardhi na wenye mali akawapa chama. Ikaja kura tatu: kila mpigakura lazima amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, tena kwa masharti ya elimu, kipato au cheo. Januari 1958 TANU wanakutana Tabora, wanabishana kama waingie kwenye uchaguzi wa namna hiyo au wasusie. Nyerere anawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu anakataa, anatoka, anaanzisha African National Congress.

Hapa gemu linakwenda nusu njia. Kushindwa kwa UTP linakuelezea vizuri: watu wachache, mali nyingi, na mali haikutosha. Lakini Mtemvu linashindwa kumweleza. Aliyebaki na aliyetoka Tabora walikuwa watu wa aina moja, elimu moja, maslahi yaleyale. Kilichowatenganisha ni swali la mbinu: tuingie mlango mbovu au tukae nje? Kundi linaweza kugawanyika kwa sababu ya mbinu tu, na mgawanyiko huo ukawa mkali kuliko wa tajiri na maskini. Nyie mnaonisikiliza mnajua, maana kila uchaguzi unapokaribia swali hilo linarudi kwetu, tunaingia au tunasusia, na ndugu wanaacha kusalimiana. Mtemvu alipogombea urais mwaka 1962 alipata kura 21,276, Nyerere 1,127,978. Hata asilimia 2 haikufika. Injini ingemweka pembeni, na historia nayo ikamweka pembeni.

Sasa Zanzibar. Hapa ndipo nilipokaa sana.

Ukilipa gemu Zanzibar ya 1957 litasema: wenye mashamba ya karafuu hapa, vibarua pale, wenye maduka kule, basi vyama vitatoka hivyohivyo. Na wengi wetu tumefundishwa hivyo, kwamba ZNP ni chama cha mabwana na ASP ni chama cha wanyonge, mwisho. Lakini Hizbu, yaani ZNP, mizizi yake iko kwa wakulima na wafugaji wa Kiembesamaki. Mwaka 1951 serikali iliwalazimisha wapeleke ng'ombe kuchanjwa, wakakataa, watu wakakamatwa, umma ukaja kuwatoa, risasi zikapigwa. Wenyewe wanaita vita vya ng'ombe. Mwaka 1955 wakulima wa huko wakawa na chama chao, na ndipo wasomi wa mjini, kina Ali Muhsin, wakajiunga na kukikuza. Wafugaji wa Hanang mnanielewa. Chama kilichokuja kuitwa cha mabwana kilianzia kwa watu wenye ng'ombe wasiotaka kushikwa shingo.

Angalieni na mahesabu, kwa sababu siasa za makundi mwisho wake ni hesabu. Januari 1961, viti 22. ASP 10, ZNP 9, ZPPP 3. ZPPP ni ya Mohamed Shamte na wenzake, waliotoka ASP mwaka 1959. Chake Chake ASP walishinda kwa kura moja. Moja! Sasa wale watatu wa ZPPP ndio wenye nchi. Wawili wakaenda ZNP, mmoja akaenda ASP. Kumi na moja kwa kumi na moja. Hakuna serikali. Ikabidi kiti kimoja kiongezwe na uchaguzi urudiwe Juni mwaka uleule: ASP 10, ZNP 10, ZPPP 3, na safari hii ZPPP wote wakaenda ZNP. Machafuko yakaua watu 68. Julai 1963 wakapiga tena, viti 31: ASP walipata zaidi ya asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu. ZNP 12 na ZPPP 6 wakaunda serikali. Uhuru Desemba 10, 1963. Mapinduzi Januari 12, 1964. Katikati ya hapo Babu alishatoka ZNP na kuanzisha Umma Party.

Kwenye gemu, kura zinajumlishwa nchi nzima. Hakuna jimbo. Mwenye asilimia 54 ana asilimia 54. Kwa hiyo Zanzibar ya 1963 haiwezi kutokea kwenye gemu lile, labda uwaambie watengenezaji waongeze mipaka ya majimbo. Na mtu aliyebeba serikali mfukoni mwaka 1961 hakuwa na jeshi wala mali nyingi. Alikuwa mjumbe mmoja kati ya watatu wa chama kidogo. Injini inayopima uzito kwa mali na idadi haimwoni mtu huyo kabisa.

Kuhusu viongozi kuhama. Kwenye gemu kiongozi wa kundi anakufa au anastaafu, anakuja mwingine, kundi linabaki palepale. Huku kwetu tunaamini kinyume, kwamba kiongozi akihama amehama na watu. Hanang tumeona. Frederick Sumaye alikuwa mbunge wetu, akawa Waziri Mkuu miaka kumi, 1995 mpaka 2005, mwaka 2015 akaja upinzani, mwaka 2020 akarudi CCM. Simsemi kwa ubaya, ni haki yake. Nawauliza tu: alipokuja, nani kwenye kitongoji chako alikuja naye na hakuondoka naye? Mtaje kwa jina. Hapo nadhani gemu liko karibu na ukweli kuliko sisi.

Jambo ambalo gemu limelikosea vibaya ni chama kimoja. Sheria hiyo wanayo, unaweza kuipitisha. Lakini ukiipitisha, makundi manane yanabaki vilevile, wenye ardhi wapo, wafanyakazi wapo, kila mtu na ofisi yake. Tanzania haikuwa hivyo. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa. Mwaka 1964, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari, jeshi likaundwa upya, na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, likavunjwa ikaundwa NUTA. Mwaka 1965 chama kikawa kimoja kwa sheria. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima vikavunjwa. Mwaka 1977 TANU na ASP wakaungana. Vijana, wanawake, wazazi, wote wakawa jumuiya za chama. Yaani kila kundi ambalo gemu lingelihesabu liliingizwa ndani ya nyumba moja na mlango ukafungwa.

Makundi yalikufa? Hayakufa. Yaliendelea mlemle ndani, yakabadilika umbo. Kama huwezi kusema "sisi wakulima wa pamba" kwa sauti, utasema "sisi watu wa fulani". Mwaka 1965, kwenye uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, karibu kila jimbo lilipewa wagombea wawili wa TANU, mmoja alama ya jembe, mwingine nyumba. Watu wakaangusha mpaka mawaziri, Paul Bomani mmojawapo. Hao wapigakura hawakuwa na chama cha pili, lakini waliwapima watu waliowekwa mbele yao.

Mimi naamini ugonjwa wetu wa makundi ya majina umetoka hapo, na ulihamia vyama vyote mwaka 1992, chetu kikiwemo. Tume ya Nyalali iliambiwa na karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni kwamba wabaki na chama kimoja, ikapendekeza vyama vingi wakisikilizwa wale asilimia 20. Tukafungua mlango, lakini tuliotoka nje tulitoka na tabia za ndani ya nyumba ileile.

Sasa Mbulu. Wadogo zangu, nani anajua kilichotokea hapa Agosti 1960? Mzee usijibu, waache wao.

Tanganyika ilipiga kura kuelekea serikali ya madaraka. Viti vya kuchaguliwa 71: 50 vya wazi, 11 vya Waasia, 10 vya Wazungu. Kati ya hivyo, viti 58 mgombea alipita bila kupingwa. Vilivyopigiwa kura ni 13 tu. TANU ikachukua viti 70. Ikakosa kimoja nchi nzima. Kilikuwa Mbulu, na wakati ule Hanang yote ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Mbulu. Babu zetu wa huku ndio waliofanya hilo.

Mgombea rasmi wa TANU alikuwa Chifu Amri Dodo. Aliyemshinda ni Herman Sarwatt. Na Sarwatt hakuwa mtu wa UTP wala wa Mtemvu, alikuwa mwanachama wa TANU vilevile. Aligombea kama mgombea binafsi, akashinda.

Fikirieni mwaka wenyewe. Nyerere yuko kileleni, uhuru uko mlangoni, chama kinapita bila kupingwa kila kona, na watu wa Mbulu wanasema: TANU ndiyo, lakini huyu mliyetuletea, hapana. Hivyo ndivyo ninavyoisoma mimi kura ile. Hawakukihama chama. Walikirekebisha. Na baada ya hapo nchi ilipata uhuru kama kawaida, mbingu haikuanguka.

Kwenye gemu hakuna namna ya kumweka Sarwatt. Nimejaribu kumtafutia nafasi. Kundi lake ni lipi? Wanavijiji? Wasomi? Chama chake ni kilekile alichokishinda. Injini inajua chama kupambana na chama, na kundi kupambana na serikali. Haijui watu wa chama kilekile kumkataa mtu wa chama chao bila kutoka.

Ila msiwacheke Wasweden. Sheria yetu nayo haijui. Tulipoingia vyama vingi mwaka 1992, Katiba ilimtaka mgombea lazima adhaminiwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila akaenda mahakamani Dodoma mwaka 1993. Jaji Lugakingira akampa haki mwaka 1994, mgombea binafsi aruhusiwe. Bunge mwaka huohuo likabadili Katiba kuziba tundu. Mtikila akarudi, mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa haki tena. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge, sio la mahakama. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ipo hapo Arusha tu, na Juni 2013 akashinda, yeye pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Mtikila alifariki 2015 kwa ajali ya gari bila kuona jina la mgombea binafsi kwenye karatasi ya kura.

Kwa hiyo kilichofanyika Mbulu 1960 chini ya mkoloni, leo hakifanyiki. Na hapo ndipo linapotuhusu sisi tuliokaa humu, wala sio CCM peke yao. Kama mwananchi wa Endasak hawezi kuchagua mtu isipokuwa kupitia chama, basi kikao chetu cha kura za maoni kimebeba mzigo wa uchaguzi mzima. Tukimpitisha mtu kwa posho ya nauli na soda, watu wa chama hiki hawana mlango wa Sarwatt. Wana milango miwili: kukaa nyumbani siku ya kura, au kwenda ng'ambo. Na tusije tukawaita wasaliti.

Nimesema sitawataja watu na sitawataja. Lakini kila aliye humu anajua kata yetu ina kambi mbili, na kila kambi ina jina la mtu. Mwezi uliopita nilifanya zoezi dogo. Nilikwenda kwa vijana sita, watatu kila upande, nikauliza swali moja: mtu wako na yule mwingine wanatofautiana nini kuhusu ardhi, maji, au bei ya mazao? Hakuna aliyejibu. Mmoja aliniambia, "Dada, wetu ana uwezo." Uwezo wa nini? "Uwezo tu." (Hapa watu walicheka, lakini waliocheka zaidi nadhani walikuwa kambi ile nyingine.)

Hebu tuigeuze. Tuchukue lile wazo la gemu, tulitoe makosa yake. Gemu lina kundi linaitwa wanavijiji. Kwa Hanang, karibu sote tungewekwa humo. Mkulima wa mahindi na alizeti wa hapa Endasak na Mbarabaig mwenye ng'ombe wa kule Basotu, kapu moja, maslahi mamoja. Si ndiyo?

Siyo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, NAFCO, shirika la umma, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba ya ngano uwanda wa Basotu: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd, Warret. Mashamba saba. Ardhi iliyochukuliwa hutajwa kuwa karibu ekari 100,000, na ilikuwa ile nzuri, malisho ya muhajega ambayo Wabarabaig walikuwa wakiyategemea kwa msimu. Kulikuwa na makaburi ya wazee wao humo, trekta likapita juu. Watu wa Mulbadaw walishitaki, wakashinda Mahakama Kuu, na katikati ya miaka ya 1980 wakashindwa Mahakama ya Rufani. Wafugaji walisukumwa. Wakisukumwa wanaingia wapi? Wanaingia kwenye mashamba ya mkulima mdogo. Halafu tunakaa tunasema mkulima na mfugaji hawapatani kwa asili yao, kana kwamba walizaliwa wakigombana, wakati kuna mtu wa tatu aliyechukua uwanda akaondoka na ngano.

Kwa hiyo ndani ya hilo kapu la wanavijiji kuna mwenye trekta na anayekodi trekta. Kuna mwenye shamba la urithi na aliyehamia juzi anayelima kwa kukodi msimu kwa msimu. Kuna mfugaji ambaye haji mikutanoni kwetu kwa sababu tunafanya Jumamosi siku ya mnada. Kuna mama anayeuza mbaazi kwa debe na dalali anayepima kwa lumbesa. Na kuna bodaboda, ambaye gemu la 1836 halimjui kabisa, na ndiye anayesambaza habari zetu kuliko huu ukurasa. Hao ndio makundi. Mimi sijawahi kuona mgombea wetu wa udiwani akiulizwa kwenye kura za maoni: kati ya hawa unasimama na yupi, na ukishindwa kuwaridhisha wote utaanza kumuudhi nani?

Najua mtaniambia ukimuuliza mtu hivyo atakosa kura za upande mmoja. Ndiyo, atakosa. Shamte alilijua hilo, Babu alilijua, Sarwatt alilijua. Anayetaka kumridhisha kila mtu huwa anaishia kumridhisha anayelipia ukumbi.

Pendekezo langu nimelipeleka kwenye kamati kwa maandishi, na leo nalirudia mbele yenu. Kabla ya fomu za udiwani kuanza kutoka, kila tawi liandike daftari la kitongoji chake. Sio majina ya watu, maana hatutaki orodha ya kumfuatilia mtu. Ni hesabu tu: kaya ngapi zinalima shamba lao, ngapi zinakodi, ngapi zinafuga, ngapi zinauza barabarani, vijana wangapi wako kwenye pikipiki ya tajiri na wangapi kwenye ya kwao. Na chini yake mambo matatu wanayoyalalamikia, kwa maneno yao wenyewe. Halafu kila anayetaka kugombea aitwe, apewe hizo daftari, ajibu mbele ya wajumbe, na wafugaji na akina mama wawe wamekaa mbele, sio nje wakipika. Kambi zote mbili zikubali hivyo au zikatae hadharani.

Kamati wamesema watalijadili. Mimi nimenunua daftari kumi na mbili kwa pesa yangu, ziko hapo mezani, na mpaka tunapoanza mkutano huu zilikuwa zimechukuliwa saba. Zilizobaki ni za upande wa juu, ambako hatujapata mtu anayeongea Kibarabaig vizuri. Kama kuna mwenye ndugu au rafiki wa huko, nimwone kabla ya kuondoka. Mkutano wa kuzisoma tumeusogeza uwe Jumapili alasiri, ili mnada usitunyime watu.

Na wale mlioniuliza pembeni: hapana, Victoria 3 halichezeki kwenye simu.